Pijo ya Mzee Isdori na Gurudumu la Tano

Baba Paroko, wazee wa ukoo, shemeji zetu mliopanda kutoka bondeni, majirani wa Chanji na ninyi nyote mlioacha mioto yenu asubuhi hii ya baridi mkaja kukaa nasi, familia imeona si vema mwenzetu afunikwe udongo kabla watu hawajasikia alitoka wapi na alipitia wapi, kwa hiyo tunaomba masikio yenu, na wale wa nyuma ya turubai msogee, maana maisha ya huyu bwana hayasomwi kwa kunong'ona.

Marehemu Baltazari Isdori Katepa alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 kijijini Mollo, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa Mzee Isdori Katepa na Mama Coleta, wa pili akiwa Dominiko, ambaye ndiye anayewasomea, na wa mwisho Zita, ambaye mnamwona pale ameketi kando ya jeneza, na inasimuliwa kwamba siku hiyo ilinyesha mvua iliyosomba mbuzi mlimani, naye mtoto akalia kwa sauti nzito yenye kukwaruza hata mkunga akasema huyu atakuwa ama katekista ama dereva, na kwa kuwa nyimbo za kanisani hakuwahi kupatia hata moja, mnajua wenyewe ikawa ipi.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1955 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, akiwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kukaa kitako, na sifa yake kubwa shuleni ni ile ya baiskeli ya mwalimu mkuu, ambayo aliifungua yote vipande vipande chini ya mkaratusi wakati wenzake wako misa, kisha akaifunga upya, nati moja ikabaki mkononi, na baiskeli ikawa inakwenda vizuri kuliko mwanzo, akachapwa viboko kwa kuifungua na akapewa andazi kwa kuifunga, na nati ile mwalimu hakuidai mpaka anahamishwa.

Tarehe 9 Septemba 1967, siku ya Jumamosi, baba yake Mzee Isdori alifanya jambo ambalo Mollo ilikuwa haijaliona, akaingia kijijini akiendesha Pijo 404 stesheni, rangi ya maziwa, yenye safu tatu za viti na gia yake pale pale kwenye usukani, aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa kuua nzige wekundu aliyekuwa anarudi kwao, na siku hizo magari ya Sumbawanga nzima ungeyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki, wazee walioko hapa watathibitisha, na asiyethibitisha basi hakuwepo. Mzee akaandika mlangoni kwa brashi, kwa mkono wake, maneno haya, HARAKA YA NINI, akaanza kubeba samaki kutoka Kasanga na abiria kutoka popote, na mlio wa ile injini watoto wake waliujua ukiwa bado nyuma ya kilima, ukisikika tu wanaacha hata ugali mdomoni wanakimbia njiani, nani awe wa kwanza kushika mlango.

Mbele ya watu, siku hiyo hiyo ya kwanza, Mzee alitoa ahadi kwamba kila mtoto wake siku ya ndoa atapanda Pijo, awe anaoa au anaolewa, na ahadi hii tunaomba muishike vizuri, maana yote yatakayosemwa leo yanatoka ndani yake.

Tarehe 2 Februari 1970 marehemu aliajiriwa kama fundi magari katika shirika moja la umma la usafirishaji hapa Sumbawanga, akadumu hapo miaka ishirini na mitatu, na tarehe 6 Oktoba 1973 akafunga ndoa na Angela, mjane wetu aliyeko hapa, ambaye alitolewa kwao Laela ndani ya Pijo yenye maua mpaka kwenye bampa, wakajaliwa watoto watatu, Shedrack mwaka 1974, Justina mwaka 1977 na Isdori mdogo mwaka 1983, naye Dominiko alipooa mwaka 1976 akapanda vile vile, na wanaokumbuka wanasema bibi harusi wa Dominiko ndiye aliyependeza zaidi, ila hilo si la leo.

Ikabaki zamu ya Zita. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1979, petroli ikawa ya kibali, Jumapili magari hayaruhusiwi kutembea, tairi jipya ukiliona ni kwenye picha, Mzee akainua Pijo akaiweka juu ya mawe manne ili isioze miguu, na tarehe 12 Julai 1980, Jumamosi, Zita alipoolewa na Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia bondeni Ilemba na ng'ombe zake, hapakuwa na gari, akashuka Lyamba lya Mfipa kwa miguu, mteremko ule wote, sanduku likiwa mgongoni mwa punda, viatu vyeupe vya harusi mkononi visichafuke, na Mzee alisimama ukingoni juu mpaka wakawa wadogo kama sisimizi, akarudi nyumbani. Zita hakulia siku ile, ila pia hakugeuka nyuma.

Mzee Isdori alifariki tarehe 12 Agosti 1981, mama yetu akiwa ametangulia, na ilipofika siku ya kuanua tanga, kwa desturi ya ukoo wetu mwenye kugawa mali ya marehemu ni dada yake, yaani shangazi wa watoto, na asemalo shangazi siku hiyo halirudishwi, kwa hiyo Shangazi Evodia, mama wa haki kupita kiasi, aligawa shamba, akagawa mbuzi, akagawa majembe, akafika kwenye Pijo akaizunguka mara kadhaa, akasema, "Kaka yangu alikuwa mmoja, watoto ni watatu, nikimpa mmoja gari lote hawa wawili nitawapa nini, vumbi lake?" Basi akaigawa. Baltazari akapewa bodi pamoja na viti na usukani, Dominiko injini na gia boksi, Zita magurudumu matano, ya kutembelea manne na la akiba moja, akakung'uta mikono, akasema sasa hakuna atakayesema Evodia alipendelea, na kweli hakuna aliyesema, kwa sababu kila mtu aliondoka amenuna.

Wazee kama mnavyojua mali ya urithi haikataliwi, kila mmoja akachukua chake, na Zita wakati magurudumu yanafungwa kamba alimtazama Baltazari akasema, "Nilikosa kulipanda nikiwa bibi harusi, sasa naondoka na miguu yake, haya kaka, panda wewe," na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao kwa miaka mingi. Kule Ilemba Masanja alifunga magurudumu manne kwenye mikokoteni yake miwili ya ng'ombe, mikokoteni ikawa inateleza kama malaika, la tano Zita akaliweka chini ya kitanda. Naye Dominiko mwaka 1983 aliifunga injini kwenye mashine ya kusaga hapa Chanji, mashine ya kwanza yenye silinda nne katika mkoa huu wote, iliyosaga unga laini hata watu walitoka Laela na magunia yao, na petroli ilipoadimika ikanyweshwa mafuta ya taa, ikawa inasaga huku inakohoa.

Bodi ikabaki kwa marehemu, uani, juu ya mawe yale yale manne, na hapa ndipo majirani mlipoanza kumjua Baltazari vizuri, kwa sababu kila jioni akitoka kazini alikuwa anaingia ndani ya lile gari lisilo na injini wala miguu, anashika usukani, anabadilisha gia hewani, na ninyi mkipita mlikuwa mnamtania, "Balta, leo umefika wapi?" naye anajibu bila kucheka, "Niko Laela, matope mengi," kesho yake, "Nimevuka Tunduma, polisi wananisumbua," mpaka mama watoto anatoka jikoni na mwiko mkononi anamwambia, "Baba Shedrack, shuka uje ule, ugali unapoa, na huko uendako hawakupikii." Watu walidhani amechanganyikiwa, kumbe mwenzenu alikuwa anamtembelea baba yake, maana usukani ule ulikuwa umelika upande wa kushoto, mahali Mzee alipokuwa anaegemeza kiganja, na mtu ukiweka mkono pale ulikuwa unaenea wenyewe.

Basi zikaja zile zama za ruksa, nchi ikafunguliwa milango, mabohari ya serikali yakafungwa na maduka ya watu yakafunguliwa, sabuni zikarudi, nguo za mitumba zikapanda mpaka Sumbawanga, na Bwana Abdillah wa pale sokoni, ambaye zamani aliuza chumvi na viberiti peke yake, akawa na lori lake na duka la vipuri kutoka Tunduma, plagi ziko rafuni zimepangwa kama biskuti, na mwaka 1989 marehemu alisimama mbele ya rafu ile, akashika plagi moja, akairudisha, akashika tena, akarudi nyumbani akamwambia Angela kwamba Pijo itatembea.

Kazi ya bodi ilimchukua miaka mitatu, kutu aliikata, mabati akayaunga, akasuka upya viti kwa ngozi ya ng'ombe, na ingeanza mapema zaidi isipokuwa kuku wa Angela alikuwa ameatamia kwenye kiti cha dereva, na Angela aliweka mguu chini kwamba hakuna nyundo itakayopigwa mpaka vifaranga watoke, marehemu akawa anakuja kila asubuhi kumchungulia yule kuku kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe. Rangi ya maziwa haikupatikana, ikapatikana ya kijani, akapaka gari lote kijani lakini mlangoni alizunguka maandishi ya baba yake kwa brashi ndogo, hakugusa herufi hata moja, ndiyo maana mlango ule mpaka leo una kiraka cheupe, si uchafu kama wengine mnavyodhani.

Tarehe 30 Juni 1993 shirika lao lilivunjwa na wafanyakazi wakapunguzwa, wenzake wengi walirudi vijijini wameinamisha vichwa, yeye alirudi nyumbani na kisanduku chake cha spana akisema sasa ana muda. Hapo ndipo Bwana Abdillah, ambaye walikuwa wamekuwa ndugu, alipomwambia, "Balta, unasubiri nini, injini zipo, magurudumu yapo, siku hizi ni wewe kuchagua tu, hata Mjapani nitakuletea," naye marehemu akamjibu jibu ambalo Abdillah amelirudia kwenye msiba huu tangu juzi, kwamba, "Magurudumu nayaona, mimi natafuta ya Zita, na injini naziona, natafuta ya Dominiko, nikifunga za dukani nitakuwa na gari, baba nitakuwa sina." Abdillah akatikisa kichwa, akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, mimi jembe langu nimeshaliweka chini.

Kuhusu injini, ukweli ni kwamba miaka yote ile ndugu wawili hawakusalimiana, lakini mashine ilipokohoa sana ikasimama, marehemu alikuwa anaisikia toka uani kwake kwamba imesimama, anakuja na kisanduku chake, anaingia kwa mlango wa nyuma, anasafisha kabureta, anakaza vali, haombi maji wala kiti, na akimaliza anasema hewani, bila kumtazama mtu, "Sauti ya baba hiyo, mtu anaisagia dona," na Dominiko naye anajibu hewani, "Na bodi ya baba mtu anafugia kuku." Mwezi Novemba 1993 mashine mpya ya dizeli ilipoingia, Dominiko kwa moyo wake mkunjufu, kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtu yeyote, aliipakia ile injini na gia boksi yake kwenye toroli akaisukuma mwenyewe mpaka langoni kwa kaka yake, akasema, "Chukua mgonjwa wako," na Angela akasikika jikoni akisema ni kweli ni hiari, hiari iliyosubiri mashine mpya ifike kwanza. Marehemu hakucheka wala hakushukuru, aliifuta injini vumbi la unga kwa shati lake alilovaa, wakaifungua pamoja usiku na mchana, wakaifunga, na siku ilipowaka, Sumbawanga nzima haikusikia kitu ila ndugu wawili wenye mvi walisimama uani midomo wazi kama watoto wanaotaka kukimbilia njiani.

Yakabaki magurudumu, nayo ndiyo yalikuwa mazito. Marehemu alishuka Ilemba mwezi Mei 1994 kwa lori la Abdillah, akamkuta shemeji yake Masanja anashusha mpunga, akamweleza shida yake, Masanja akacheka mpaka akaketi juu ya gunia, akasema, "Shemeji, wewe ni Mfipa kweli kweli, ng'ombe zangu za mahari zilipanda mlima kwenda kwenu, magurudumu yakashuka kuja kwangu, sasa unataka magurudumu yapande, je ng'ombe zitashuka?" Marehemu akamwambia ng'ombe zile zilishaliwa na zilikuwa ngumu, Masanja akamwambia zilikuwa ngumu kwa sababu ninyi hamjui kuchunga, mnajua kulima ulezi tu, wakataniana hivyo mpaka chakula kikaletwa, na aliyekileta alikuwa Zita.

Zita aliweka sahani chini, akampa kaka yake shikamoo, akasema, "Magurudumu si ya Masanja, ni yangu, na nitayatoa, lakini sharti langu ni moja, baba aliahidi nitapanda Pijo, basi ije hapa mlangoni inichukue inipandishe mlima kama anavyochukuliwa bibi harusi, ikifika ndipo niyatoe," na marehemu akamwambia, "Mdogo wangu, gari halina miguu, litafikaje?" Zita akanyanyua beseni la kunawia, akasema, "Na mimi nilifikaje?" akaingia ndani.

Marehemu alirudi Chanji na neno hilo, akakaa ndani ya gari lake jioni nzima bila kubadilisha gia, na asubuhi akaenda kwa Abdillah akamwambia gari lisiloweza kwenda huenda likabebwa. Basi tarehe 20 Agosti 1994, Jumamosi, Sumbawanga ilishuhudia kitu ambacho hakijawahi kutokea na hakitatokea tena, Pijo 404 ikiwa juu ya lori, imeoshwa, imefungwa kamba, ina maua mpaka kwenye bampa, marehemu amekaa ndani yake huko huko juu ya lori ameshika usukani, na alikuwa akipiga honi kila kijiji, wakashuka Lyamba lya Mfipa kona baada ya kona, watoto wa njiani wakipiga kelele kwamba gari limepanda gari. Kule Ilemba ng'ombe wa Masanja waliivuta ikashuka taratibu juu ya tuta la mchanga, watu walikuja mpaka kutoka Kaoze, mikokoteni ikavuliwa magurudumu ikavishwa ya mtumba ambayo Abdillah aliyaleta, Masanja akayapiga teke akasema haya ni ya kivijana lakini yatazoea, na Pijo ikafungwa miguu yake minne, kwa mara ya kwanza tangu Mzee aiweke juu ya mawe ikasimama chini.

Ndipo Zita akatoka nyumbani, mama wa watoto watano wakati huo, amevaa gauni la kawaida, lakini miguuni ana viatu vyeupe, vile vile alivyovishusha mlima mkononi mwaka 1980 na ambavyo hakuwahi kuvivaa hata siku moja, vimekuwa vya njano kidogo na vinambana, akapigiwa vigelegele, akafunguliwa mlango, akaketi mbele, akasema, "Haya kaka, nipeleke nyumbani." Wakapanda mlima, wanaume wengine wakiwa viti vya nyuma, na kwenye ile kona ya juu kabisa, inayojulikana na kila dereva, rejeta ikachemka, gari likasimama, maji yamekwisha, wapo wanaoeneza kwamba rejeta ilijazwa pombe ya kimpumu, jambo ambalo familia inalikanusha, ilikuwa togwa tu, na wakati Dominiko, Masanja na Abdillah wameshuka kusukuma, Zita naye akashika mlango ashuke kupunguza uzito, marehemu akamzuia kwa mkono, akamwambia, "Kaa, bibi harusi hashuki." Wale waliokuwa wanasukuma nyuma waliona kupitia kioo mabega ya Zita yanatikisika, yale machozi ya mwaka 1980 yakamshukia hapo hapo kwenye kona, na walipofika ukingoni juu, mahali pale pale Mzee aliposimama, marehemu alizima injini, Masanja akasema basi jamani mimi ndiye niliyeoa, nipewe japo togwa iliyobaki.

Hata hivyo Zita alitoa magurudumu manne tu. La tano alisema linabaki Ilemba chini ya kitanda, siku mkirudia ugawaji wenu nisiambulie mikono mitupu, na marehemu hakumlazimisha, ila tangu siku hiyo nafasi ya gurudumu la akiba chini ya buti aliiacha wazi, Abdillah akamletea la dukani akalikataa, akasema nafasi hiyo ina mwenyewe, kwa hiyo ninyi mliowahi kupata pancha naye njia ya Kasanga, mkakaa kando ya barabara mkimsubiri azibe, mkimsema moyoni, leo mmejua sababu.

Kwa miaka minne Pijo ilifanya kazi yake, ilibeba maharusi wa ukoo na wasio wa ukoo, ilibeba wajawazito kwenda kujifungua, mmoja aliyejifungua kabla ya kufika alimwita mtoto Pijo na padri akakataa kumbatiza mpaka akaongezewa jina, na kila Agosti ilishuka Ilemba kumchukua Zita aje kutembea kwao, akiwa ameketi mbele.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 1997, miguu ikivimba na pumzi ikikata, akagundulika moyo wake umepanuka, jambo ambalo sisi wa nyumbani hatukuhitaji daktari kulijua, akatibiwa hospitali ya mkoa, akapelekwa Mbeya mwezi Februari 1998 akarudi na nafuu, ndani ya Pijo hiyo hiyo, Dominiko akiendesha na mgonjwa akimsahihisha gia njia nzima. Lakini kitandani kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi kuliko moyo. Shangazi wa watoto wake ni Zita, mwenye kugawa atakuwa Zita, na watoto ni watatu, bodi, injini na magurudumu vinatosha kabisa kugawanywa tena, na kwa desturi yetu shangazi haruhusiwi kusema neno juu ya mgawo mpaka tanga lianuliwe, kusema mapema ni kumwita mauti. Akamwita, akamwambia, "Zita mdogo wangu, wanangu ni watatu," Zita akamjibu, "Kaka, kunywa uji." Siku nyingine akamwambia, "Zita, tulipoteza miaka mingi," Zita akamwambia, "Uji unapoa kaka." Usiku akamlalamikia mke wake, "Ninamuuliza gari, ananipa uji," na Angela akamvuta blanketi tu, maana asemalo shangazi ndilo litakalokuwa, na hata kwa ajili ya mgonjwa wake Zita asingevunja mwiko.

Tarehe 14 Juni 1998, Jumapili, saa kumi na moja jioni, ile saa ambayo zamani alikuwa anapanda gari lake lisilo na miguu, aliomba apelekwe uani, akaketi kwenye usukani, akaweka kiganja upande wa kushoto, na jirani mmoja akapita akamtania kama zamani, Balta, leo umefika wapi, naye akasema, "Nakaribia Mollo," na hakusema tena. Amefariki akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mbeya kwa kujitahidi kwao, majirani wa Chanji kwa kuni, maji, turubai na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa lile shirika lililovunjwa, ambao mmekuja mmevaa ovaroli zenu za zamani na mmetutoa machozi sana, Bwana Abdillah na familia yake kwa lori na sanda, na shemeji yetu Masanja kwa ng'ombe, ambaye safari hii ni laini.

Shukrani ya mwisho ni kwa jambo ambalo wengi hamkulishuhudia, kwa sababu limefanyika leo asubuhi na mapema, wakati Pijo inatandikwa tayari kumbeba mwenyewe kwenda makaburini. Zita amepanda kutoka Ilemba na kitu kizito kimefungwa kwenye kanga, amepita katikati ya watu bila kusalimia, amefungua buti kwa mkono wake, amepiga magoti kwenye umande, na katika ile nafasi iliyokuwa wazi ameliingiza gurudumu la tano, limejazwa upepo, akalikaza parafujo yake mpaka ikalia, akafuta mikono, akaja kukaa hapo mnapomwona. Hajasema neno, na asiulizwe, kwa sababu tanga halijaanuliwa na desturi ni desturi, lakini Shedrack ameona, Justina ameona, Isdori ameona, na mlango wa lile gari unaosema HARAKA YA NINI uko hapo nje unaona.

Kaka Baltazari, uji umekwisha na jibu lako limefika, gari lako ni zima, miguu mitano, na leo hatutasimama njiani kuziba pancha. Pumzika kwa amani.